Sauti ndogo kwenye diski ya harusi: uiongeze kwenye deki, ubadilishe namba, au uchome upya?

Shangazi yangu anayeishi Wete, Pemba, alinipigia simu siku ya pili baada ya kupokea diski ya harusi ya mwanawe. "Mwanangu, mbona sheikh mmemfanya bubu? Midomo inakwenda, sauti hamna." Nakala ya diski hiyo hiyo nilikuwa nayo mjini Unguja, na kwenye kompyuta yangu khutba ya nikaha ndiyo iliyosikika safi kuliko sehemu zote. Nilimwambia aongeze sauti kwa rimoti. Aliongeza mpaka mwisho bila ya mafanikio, na bwana harusi alipoingia nyumbani kwa kina biarusi na beni nyuma yake, tarumbeta ziliwatoa majirani nje.

Hitilafu ile haikuwa ya udogo wa sauti hata kidogo. Msikitini, mpigaji picha alichukua sauti kwa waya wa maikrofoni kutoka kwenye amplifaya na kuichomeka kwenye tundu la maikrofoni la kamera, ambalo ni la stirio. Waya wa maikrofoni za kazi hubeba sauti ile ile katika nyuzi mbili, moja ikiwa imegeuzwa juu chini, ili kelele zinazoingia njiani ziweze kuondolewa mwishoni. Ukiuingiza kwenye tundu la stirio bila ya kifaa cha kubadilishia, uzi mmoja unakwenda chaneli ya kushoto na ule uliogeuzwa unakwenda ya kulia. Mwenye hedifoni anasikia kila neno, kwa kuwa kila sikio lina chaneli yake. Televisheni ya shangazi, hata hivyo, ina spika moja, na deki imeungwa nayo kwa waya unaojumlisha nyeupe na nyekundu kuwa kitu kimoja. Kilele cha kushoto kilikutana na bonde la kulia, vikafutana. Sifuri hata ukiizidisha mara kumi inabaki sifuri. Dawa yake ni kuifungua sauti kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kutenganisha chaneli mbili, na kuigeuza moja yao katika kipande cha khutba pekee, kwa sababu sehemu zilizorikodiwa kwa maikrofoni ya kamera zenyewe hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya ninazozilinganisha hapa chini, tia kwanza diski nyengine kwenye deki ile ile, ikiwezekana diski ya dukani. Ikiwa nayo ni hafifu, tatizo ni la deki au waya, na hakuna sababu ya kuchoma kitu. Kisha sikiliza kwa hedifoni: ikiwa sikio moja ni kimya, kama inavyotokea mara kwa mara kwa mikanda ya zamani ya VHS iliyohamishwa kwa waya mmoja, unachohitaji ni kunakili chaneli moja kwenda ya pili. Mwisho, jumlisha chaneli zote kuwa mono kwenye kompyuta usikie kama kuna maneno yanayopotea. Majaribio haya matatu hayazidi dakika kumi, nami ninaona aibu kukiri kwamba kwa miaka mingi sikuwa nikiyafanya.

Pima nafasi iliyobaki juu

Sauti ya kidijiti ina dari. Dari hiyo ni desibeli sifuri, na viwango vyote huhesabiwa chini yake kwa namba hasi. Kuongeza desibeli 6 ni kulizidisha wimbi mara mbili kwa urefu, ingawa sikio huhisi kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu pale tu inapoongezwa kiasi cha desibeli 10. Kilele kinachovuka dari hukatwa bapa, na mkato huo ndio ule mkwaruzo unaofanana na spika iliyochanika. Ukishachomwa ndani ya diski hauondoki kwa kupunguza sauti.

Namba mbili ndizo zinazoamua: kilele cha juu kabisa na kiwango cha wastani. Programu ya ffmpeg, ambayo ni ya bure, huzitoa zote mbili kwa kichujio chake kiitwacho volumedetect, na Audacity huonyesha mawimbi kwa macho, hata asiyezoea akaona kama yamejaa au yamelala chini. Kwenye diski ya shangazi, baada ya ile chaneli kugeuzwa, beni lilifika hasi 0.2 ilhali khutba haikuvuka hasi 17. Mwezi huo huo nililetewa diski ya mahafali ya skuli, iliyopigwa na kamera moja kutoka nyuma ya ukumbi, ambayo kilele chake cha juu kabisa kilikuwa hasi 14. Wenye diski hizo wote wawili walinieleza kwa maneno yale yale, "sauti ndogo," lakini ya skuli ilikuwa na nafasi ya desibeli 14 juu yake na ya harusi haikuwa na nafasi yoyote. Dawa ya moja ingeiharibu nyengine.

Kuongeza kwenye deki na televisheni

Njia hii haigusi diski, haihitaji kompyuta, na unaweza kuiacha wakati wowote. Deki nyingi, hata zile za bei ya chini zinazouzwa Darajani, zina menyu ya sauti yenye kipengele cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ambacho baadhi huandika DRC na baadhi huita hali ya usiku. Deki nyengine zina hali ya RF, inayopandisha sauti ya AC-3 (aina ya sauti iliyobanwa, iitwayo pia Dolby Digital) kwa desibeli 11 na kubana vilele kwa wakati mmoja. Mtu asiyejua menyu hiyo huchoma diski tatu kutafuta kile ambacho angekipata kwa kubonyeza rimoti mara nne.

Kasoro zake ni mbili. Ubanaji wa deki hufuata maelekezo yaliyotiwa ndani ya sauti ya AC-3 wakati wa kuchoma, kwa hiyo kwa sauti ya PCM, isiyobanwa, au MP2, iliyobanwa kwa namna nyengine, mara nyingi hakuna kinachobadilika. Pili, marekebisho ni ya deki hiyo tu. Diski ikiazimwa, na diski ya harusi lazima itaazimwa, tatizo linakwenda nayo. Tena aliyezoea kupandisha televisheni hadi mwisho kwa ajili ya diski husahau kuishusha, na taarifa ya habari ikaja ikaupigia kelele mtaa mzima.

Kwa upande wa kompyuta, VLC, programu ya kuchezea video, huruhusu kupita asilimia 100, lakini hiyo ni hesabu ya kuzidisha ile ile: kama diski haina nafasi, utasikia mkwaruzo.

Namba iliyomo ndani ya AC-3

Hii ndiyo njia isiyojulikana na wengi, nami naipenda kwa sababu haina hasara. Kila sauti ya AC-3 hubeba namba inayoiambia deki maneno ya watu yamerikodiwa kwa kiwango gani, kuanzia hasi 1 hadi hasi 31, na deki hushusha sauti yote ili maneno yafike hasi 31. Programu nyingi za kuchoma huweka hasi 27 bila ya kumuuliza mtu, na matokeo yake deki inakata desibeli 4 kimya kimya. Ukiibadilisha namba hiyo iwe hasi 31, deki haikati chochote.

Zipo programu ndogo zinazobadilisha namba hii peke yake bila ya kuifungua wala kuibana upya sauti, na kwa hiyo ubora unabaki vile vile. Unachopata, hata hivyo, ni desibeli 4 tu katika hali ya kawaida, na kitu hicho hakimsaidii sheikh aliyelala kwenye hasi 17. Chagua njia hii iwapo diski yako inasikika vizuri kwenye kompyuta lakini kwenye deki iko chini kidogo kuliko diski nyengine, na iwapo sauti yake ni ya AC-3. Kwa MP2 na PCM namba hiyo haipo.

Kuzidisha yote kwa kiasi kimoja

Hapa unaitoa sauti kutoka kwenye diski, unaipandisha kwa desibeli kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unairudisha pamoja na picha ile ile. Diski zilizochomwa nyumbani hazina kufuli, hivyo folda ya VIDEO_TS, ambamo filamu yenyewe imo, hunakilika moja kwa moja. Tahadhari ni kwamba faili za VOB, zinazobeba picha na sauti ndani ya folda hiyo, zimekatwa katika vipande visivyozidi gigabaiti moja, na vipande hivyo ni mfululizo mmoja. Ukitoa sauti ya kila kipande peke yake kisha ukaziunga, midomo na maneno vitaanza kupishana kidogo kidogo. Unga kwanza, toa baadaye.

Diski ya mahafali niliimaliza kwa njia hii. Nilipandisha desibeli 13, nikaacha desibeli moja chini ya dari, na hotuba ya mwalimu mkuu ikasikika bila ya kubadilika tabia. Audacity, ikiachwa ilivyo, hukataa kuvuka dari mpaka uiruhusu mwenyewe, jambo linalomlinda mwenye haraka. Kwa taarab asilia sikubali njia nyengine. Bashraf, ambayo ni ya ala tupu, huanza kwa upole, fidla na akodiani zikaingia, na mwimbaji akaja katika wimbo unaofuata; huo mpando ndio muziki wenyewe, na mashine inayosawazisha viwango huugeuza ukawa ukuta. Maulidi ya homu nayo huanza taratibu na kupanda pamoja na dufu, na atakayeyabana atakuwa ameonyesha safu za watu wanaoyumba kwa sauti isiyoyumba nao.

Udhaifu wake ni kwamba kelele hupanda sawasawa na maneno. Diski nyingi za harusi za Unguja za kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokuwa hakina umeme, zina jenereta nyuma ya kila neno. Ukiongeza desibeli 12, jenereta nayo imeongezeka desibeli 12. Kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100 kabla ya kupandisha hupunguza mngurumo bila ya kuwadhuru wanaozungumza, lakini hakuuondoi.

Kompresa na usawazishaji wa kiwango

Kwa diski isiyo na nafasi juu, kama ile ya shangazi, kuzidisha kwa kiasi kimoja hakuwezekani. Ni lazima kilicho kikubwa kishuke ili kilicho kidogo kipande. Kompresa hufanya hivyo yenyewe: unaiambia kwamba chochote kinachovuka hasi 20, kwa mfano, kipunguzwe mara tatu, kisha unapandisha jumla. Usawazishaji wa kisasa, kama loudnorm ya ffmpeg, hutumia kipimo cha sikio badala ya kilele, kile kile cha R128 cha Umoja wa Utangazaji wa Ulaya (EBU) kilichotolewa kwa ajili ya utangazaji mwaka 2010, ambacho lengo lake ni hasi 23. Huo ni mpango mzuri kwa mwenye diski kumi na tano za familia zilizopigwa na kamera tofauti, anayetaka zote zisikike sawa bila ya kukaa na kila moja. Iendeshe mara mbili, ya kwanza kupima na ya pili kurekebisha, na uhakikishe kuwa sauti inayotoka imerudi kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa sababu kichujio hicho huipandisha hadi 192 ndani ya kazi yake na diski ya DVD ya kawaida haikubali kiwango hicho.

Niliijaribu kompresa kwenye khutba. Sheikh alisikika, ni kweli, lakini kila alipotua kuvuta pumzi, feni za msikiti zilipanda kama upepo wa kusi na kuzama tena alipoanza kusema. Kamera nayo ilikuwa imeshafanya mchezo wa aina hiyo wakati wa kurikodi nyumbani kwa kina biarusi: baada ya vigelegele, kipimo chake cha kujirekebisha kilishuka na kuchukua sekunde kadhaa kabla ya kupanda, na maneno ya mama wa biarusi yaliyofuata yalianza kwa mnong'ono. Kompresa juu ya kamera ya namna hiyo ni kuupaka rangi ukuta ulio na majimaji.

Mkono wenyewe

Njia niliyoichagua mwishoni ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, nayo ni kupita sehemu kwa sehemu na kuchora mstari wa kiwango kwa mkono. Nilipandisha khutba desibeli 11, nikashusha beni desibeli 6, nikayaacha maneno ya wazee yalivyo, na pale mama wa biarusi aliponong'ona nikapandisha sekunde nne tu, kwa mteremko, ili isisikike kuwa kuna mtu amegusa kitu. Kazi ya dakika 95 ilinichukua jioni mbili. Tofauti na kompresa, ndani ya khutba hakuna kilichopanda wala kushuka. Feni zilibaki pale pale, na sikio likazisahau baada ya nusu dakika.

Kama harusi ina masaa manne na wewe una familia na kazi, sikushauri. Chukua usawazishaji wa mashine kwa diski nzima, kisha rekebisha kwa mkono dakika ishirini za nikaha peke yake, maana hizo ndizo watakazozirudia.

Ikiwa mkanda wa asili bado upo kwa mpigaji picha, mwombe kabla ya kugusa diski. Sauti ya MiniDV, ile mikanda midogo ya kamera za kidijiti, haijabanwa, na kosa la kuchukua chaneli isiyo sahihi huweza kusahihishwa pale pale kwenye chanzo. Angalia tu kuwa baadhi ya kamera hizo zilirikodi kwa biti 12 na kilohezi 32, ambayo ni lazima igeuzwe kuwa 48. Kikwazo cha njia hii ni cha kibinadamu: studio nyingi zilikuwa zikirikodi juu ya mkanda ule ule baada ya kukabidhi kazi.

Sauti mpya iwe ya aina gani

Baada ya marekebisho unalazimika kuchagua tena aina ya sauti ya diski, na hapa watu hupoteza walichokitafuta. PCM ya stirio ya biti 16 haibanwi, lakini hula kilobiti 1536 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 691 kwa saa. Harusi ya masaa mawili itachukua zaidi ya robo ya diski ya gigabaiti 4.7 kabla ya picha kuingia. AC-3 ya kilobiti 192 hutumia kiasi cha megabaiti 86 kwa saa, na kwa maneno ya watu sijaweza kutofautisha. MP2 inakubalika kwenye diski za PAL, ambao ndio mfumo wetu wa picha za televisheni, lakini nimewahi kukutana na deki zilizoisoma kimya kimya bila ya kutoa sauti, kwa hiyo siitumii tena. Kwa mahafali na harusi, chagua AC-3 na uweke ile namba iwe hasi 31. Kwa taarab ya saa moja, PCM inatosha nafasi na inastahili.

Picha usiibane upya. Katika DVDStyler, ambayo pia ni ya bure, weka video kwenye chaguo la kunakili, ili sauti pekee iwe ndiyo mpya. Vinginevyo utarekebisha masikio na kuharibu macho. Jaribio la kwanza lichome kwenye DVD-RW, inayofutika, na ulisikilize kwenye televisheni yenye spika moja. Ikiwa deki ya zamani inaikataa DVD-RW, kwa kuwa mng'ao wake ni mdogo kuliko wa DVD-R, usidhani kazi yako ni mbovu. Ijaribu kwenye deki nyengine kabla ya kuchoma ile ya mwisho.

Diski ya pili ya shangazi ilikwenda Pemba kwa boti ikiwa ndani ya mfuko wa khanga, nami nilikuwa nimemuomba asiguse rimoti mpaka sheikh amalize. Alinipigia simu usiku ule ule. Kila neno alilisikia, hata bwana harusi aliposema amekubali. Ila beni, alisema, mbona mmelipunguza.